Kijani cha Mzee Kamis

Odero, nimechoka. Leo nimempelekea Mzee Kamis wa Kibuli ile modeli ya ndege ya kivita aliyoniagiza. Si unajua alikuwa fundi wa ndege jeshini.

Siku tatu nilikuwa nachanganya rangi yake ya kijani. Naongeza njano, naongeza nyeusi, nangoja ikauke, nalinganisha na picha ya kitabu.

Mzee akaangalia, akasema, "Hii si rangi yake."

Nikamfungulia kitabu. Nikamwambia, "Mzee, labda umesahau."

Yaani mimi.

Akanipeleka kwenye mlango wa choo chake, wa kijani. "Rangi ya jeshi ilituishia, tukapaka ndege kwa rangi ya milango. Hii ndiyo iliyobaki."

Labda umesahau. Namwambia mtu aliyeshika brashi.

Akabandua kipande kidogo cha rangi, akanipa nikalinganishe.

Sasa niko nyumbani Bugolobi, nakwangua kijani changu cha siku tatu.