Kigari Kilichovuka Korongo

Jumatatu, 4 Agosti

Zahanati tena. Kulwa mgongoni, Doto kifuani, mfuko wa nepi mkononi, upepo wa Agosti unatutia mchanga machoni. Nimefika nimepinda. Nesi kaniambia, "Mama mapacha, pole." Pole yake imenichosha kuliko njia.

Kulwa kaongezeka uzito. Doto yuko palepale.

Nimerudi nimemkuta mama mkwe barazani anabangua karanga. Alikuja Jumamosi kutoka Gulwe na gunia la karanga na mbeleko mpya imekunjwa vizuri. Nilidhani ni zawadi, nikashukuru mpaka nikapiga magoti. Kumbe mbeleko ni ya kumbebea Doto kwenda Gulwe. Kwao ndivyo ilivyo. Wakizaliwa wawili, bibi anamchukua mmoja, ili mama asichoke na mtoto asikonde. Kaniambia kwa upole kabisa, kama mtu anayejitolea kukuoshea vyombo. Huo upole ndio unaoniudhi.

Simtoi.

Jumanne, 5 Agosti

Nimempigia Baba Kulwa, yuko safarini na lori. Kasema tumsikilize mama. Basi. Nimekata simu kabla sijasema la kujutia.

Yeye mwenyewe ndiye aliyechukuliwa. Alizaliwa pacha na dada yake. Dada akabaki kwa mama, yeye akapelekwa Mpwapwa kwa bibi, akakulia huko. Mpaka leo akienda kwa mama yake anakaa kwenye ncha ya kiti. Anashukuru chai kama mgeni. Lori lake linapakia karanga Mpwapwa kila mara, Gulwe ni pua na mdomo, na hapiti. Hamchukii mama yake. Hana tu la kumwambia.

Sitaki Doto anishukuru chai.

Jioni nimemwambia mama mkwe wazi. Hakukasirika. Ameniuliza nitawezaje, kazi imeshanisubiri muda mrefu, sare za shule zimejaa mezani, na chumba changu cha cherehani kiko kule barabarani, ng'ambo ya korongo. Kweli. Nikiwabeba wote wawili mpaka kule, nafika siwezi hata kuinama kutunga uzi. Kisha akanipa sharti. "Mama Kulwa, mimi naondoka Jumapili ya wiki ijayo. Kabla sijaondoka, uwapeleke wote wawili hadi cherehani kwako, ushone, uwarudishe. Peke yako. Ukiweza, naenda zangu na mbeleko tupu. Ukimwita mtu akushike mkono, Doto naondoka naye."

Nimekubali. Nimekubali haraka mno, kama kawaida yangu.

Jumatano, 6 Agosti

Kigari. Nimekosaje kukifikiria mapema? Kigari cha kusukuma, cha watoto wawili.

Siku nzima nimekuwa kwenye simu natazama picha. Kuna cha viti viwili, kimoja mbele kimoja nyuma, chembamba, kinapita mlango wowote, lakini wa nyuma anaona kisogo cha mwenzake maisha yake yote. Hicho ni cha Kulwa kumpiga Doto mateke. Kuna cha ubavu kwa ubavu, kipana, watoto wanaonana. Kuna kinachokunjwa kwa mkono mmoja, ambao mimi sina. Kuna chenye mahali pa kuweka kikombe cha kahawa. Kahawa! Anayesukuma huku anakunywa kahawa mchanga wake ni wa namna gani?

Mama mkwe kachungulia picha. Kasema, "Hiki si kitanda?"

Ijumaa, 8 Agosti

Sikukuu. Nusu ya mji iko Nzuguni kwenye maonesho ya wakulima, mimi mjini na watoto dukani. Duka jipya, vigae vinang'aa mpaka unajiona kidevu. Nimekiona mara moja tu nikajua. Cha bluu. Ubavu kwa ubavu, vipaa viwili vya kukinga jua, mikanda laini. Nimekisukuma kwa kidole kimoja, watoto wote ndani, kimeteleza kama kinajua kwetu. Doto kacheka kwa sauti. Nimelipa palepale. Akiba yote ya sare za mwaka jana.

Bajaji imetushusha mwisho wa lami. Nimesukuma. Magurudumu, madogo kama vifuniko vya chupa ya chai, yamezama mchangani. Nimesukuma tena, kigari kikainamisha pua kama kinasujudu. Nimevuta, nimeinua, nimetukana kimoyomoyo na si kimoyomoyo tu.

Mama mkwe ametokea njiani. Nadhani alikuwa anatusubiri. Kamweka Doto mgongoni kwake. Mimi Kulwa mgongoni na kigari kichwani. Watoto wa jirani wamenisindikiza wakishangilia. Nimenunua kigari kinibebee watoto, mwishowe nimekibeba mimi.

Nimejidharau leo. Fundi nguo mzima, ninayewaambia wateja kila siku wajaribu nguo wakikaa na wakiinama, nimejaribu kigari kwenye vigae.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimekirudisha. Muuza duka kasema mali ikishatoka haibadilishwi, tena ina mchanga. Nimemwambia mchanga ndio tatizo lenyewe. Kasema hapokei. Nikasema sawa, nikaketi. Kwenye kiti chake cha wateja, watoto wawili mapajani. Doto kaanza kulia. Kilio cha Doto kinapasua vioo. Kulwa kamuunga mkono. Mteja wa kwanza katoka, wa pili kachungulia akageuka. Nimebembeleza watoto wangu kama mama mwema. Pesa zangu zimerudi kabla Doto hajachoka.

Moja kwa moja hadi kwenye uwanja wa mitumba. Na pale, nyuma ya baiskeli za kitoto na viti vya ofisini, kilikuwepo. Kikubwa, kibaya, cha kijivu. Magurudumu matatu, kila moja kama la baiskeli ya mtoto wa darasa la tatu, matairi ya upepo. Viti viwili ubavu kwa ubavu. Kitambaa kimechanika chote. Kuchanika si kitu kwangu.

Safari hii sikudanganyika. Nimetoa futi kamba shingoni, nimepima upana: mlango wa nyumbani kinapita, wa cherehani kinapita kwa kubana. Nimeomba viroba viwili vya sembe duka la jirani, nimevifunga mikanda kama watoto. Nimekisukuma hadi kwenye lundo la mchanga wa ujenzi. Muuzaji akafikiri nimerukwa na akili. Kimepanda lundo. Kimeshuka. Viroba vimetulia.

Kwa bei ya muuzaji nimecheka, naye kwa yangu kacheka. Tumekutana katikati.

Jumapili, 10 Agosti

Nimeshona kwa mkono tangu kanisa litoke. Viti vipya vya kaki, mshono mara mbili, mikanda ya mkoba wa shule, chandarua juu dhidi ya nzi na vumbi. Mama mkwe kanishikia kitambaa bila kuombwa, kisha akakumbuka ni mpinzani wangu, akaachia.

Jioni nimewapeleka majaribio mpaka ukingo wa korongo na kurudi. Mchangani kinaogelea! Nimekimbia. Mimi, nimekimbia na mapacha, kitenge kinapepea. Nimeingia uani nikijiona malkia.

Nikasikia psss.

Tairi la kushoto, halafu la kulia. Mama mkwe kachuchumaa, kachomoa kwa kucha, kaniwekea kiganjani. Mbigiri, ile miiba midogo ya pembe inayojaa njiani kiangazi. "Gari la kizungu halijui Ugogo," kasema. Hakunicheka. Bora angenicheka.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimeziba pancha. Nimetoka hadi getini. Pancha.

Nimeziba tena. Nimelia kidogo, nikajifanya ni vumbi. Mama mkwe kaanika mbeleko kambani, eti inukie jua. Najua ananitayarisha. Doto kashika pindo lake anachezea.

Jumanne, 12 Agosti

Leo nimeamka na hasira na hasira imenisaidia. Nimeshika suruali ya kaki ya mtoto wa shule, ile iliyoletwa nishone magoti. Magoti yanatoboka, ninaweka nini? Bitana. Kitambaa cha pili kwa ndani, goti linaburuza na halipati kitu. Nimeitazama suruali. Nimelitazama tairi.

Nimetafuta tyubu kuukuu ya pikipiki, ya mpira mnene. Nimeipasua kwa mkasi wangu wa nguo, Mungu anisamehe, mkasi ule siukatii hata karatasi. Nimeilaza ndani ya tairi mara mbili, kingo zimepishana vizuri, tyubu nzima juu yake, upepo. Bitana ya tairi. Nimekwenda mwenyewe kwenye mbigiri nyingi kuliko zote, nyuma ya choo, nikakizungusha kigari humo mpaka nikachoka.

Matairi yamevaa miiba pande zote, hayapigi hata mluzi. Magumu. Magumu! Nimepiga kelele mpaka jirani kachungulia ukutani. Nimemwambia hakuna kitu, nimeshinda mbigiri tu.

Ijumaa, 15 Agosti

Leo.

Nimeondoka asubuhi baada ya uji. Kulwa kulia, Doto kushoto. Sare nilizokata zimo kwenye kikapu cha chini, na chupa ya chai, kwa ajili ya wale wanywa kahawa. Mama mkwe nyuma yetu, mikono kaikunja mgongoni ili isimponyoke. Ndivyo alivyosema mwenyewe.

Mchanga haukunisumbua. Bodaboda mmoja kapunguza mwendo kutushangaa, kasema, "Mama, hiyo ni leseni daraja gani?" Nimemwambia daraja la mapacha, apishe. Kapisha.

Korongo. Kushuka rahisi, nimekizuia kwa kifua. Kupanda ndio kazi. Katikati ya mwinuko gurudumu la mbele limezama, kigari kikasimama, mimi nimelala karibu juu yake, miguu inateleza. Sikuweza kwenda wala kurudi. Jasho machoni. Doto kaanza kunguruma, ile sauti kabla ya kilio. Nyuma yangu nikasikia mama mkwe anapumua. Alikuwa karibu sana. Mkono wake ungefika. Na mimi, naandika kweli, nilitaka ufike.

Nikakigeuza. Mgongo ukatangulia, nikakivuta badala ya kukisukuma, kama mtu anavyovuta mkokoteni wa maji. Gurudumu la mbele likaelea, makubwa mawili yakauma mchanga. Hatua, pumzi, hatua. Nikiwa nimegeuka hivyo nilimwona uso. Midomo ilikuwa inakwenda bila sauti. Sijui alikuwa ananiombea nishinde au nishindwe.

Nikafika juu.

Nimeshona mpaka alasiri. Watoto wamelala ndani ya kigari kando ya cherehani, chandarua juu. Mgongo wangu bado mzima. Nimemaliza sare nyingi kuliko nilivyotarajia na sikumwita mtu hata kushika mlango. Kurudi, korongo tena, nimevuta moja kwa moja, sasa nalijua. Nimeingia uani nikiimba, vibaya, kwa sauti.

Nimeshinda. Nimeshinda! Nimebaki na wote wawili na nimeliandika hili kwa herufi kubwa ili nilisome siku nitakapochoka.

Mama mkwe kaanua mbeleko, kaikunja. Kapika yeye ugali leo, wa uwele. Nyama kanipa mimi.

Jumapili, 17 Agosti

Mama mkwe ameondoka.

Asubuhi nimemwamkia, "Shikamoo, mama." Kaitikia, kisha naye akaniamkia kwa Kigogo, "Mbukwa, mama wa wawili." Ameomba yeye ndiye asukume hadi lami. Nimemwachia. Mwanzo alishika mpini kama anashika nyoka. Kisha akanyoosha mgongo. Korongoni akakigeuza bila kuambiwa, akavuta, nami nikakunja mikono mgongoni.

Juu alisimama kupumzika. Kawatazama muda. Alinena taratibu, macho kwa watoto. "Mimi sikuwa na hili. Nilikuwa na mgongo mmoja. Wakaniambia mtoe wa kiume, ana nguvu, atakua popote. Aliponirudia alinisalimu shikamoo bibi."

Nimemshika mkono mpaka basi lilipokuja.

Mbeleko ameiacha kwenye kiti cha Doto. Sijui kama amesahau. Nadhani hakusahau.

Baba Kulwa kapiga simu jioni akiwa Mpwapwa, anapakia. Nimemwambia maneno ya mama yake, yote, kama alivyoyasema. Kisha kauliza kama mama ameshafika. Nikasema atakuwa amefika. Kasema mzigo utasubiri, atalala Gulwe leo.

Upepo umetulia. Watoto wamelala ndani ya kigari, uani, mbeleko juu yao. Nitawaingiza baadaye kidogo.