Nyumba Niliyoiruka

Mjukuu wangu Upendo,

Marahaba, shikamoo yako nimeiitikia peke yangu jikoni, hapa Elerai. Babu yako kifua bado kinambana. Ng'ombe alizaa, ila ndama hakuishi.

Unauliza utawaonyeshaje wenzako chuoni nguvu za Mungu. Mimi sijahamisha mlima wowote. Meru uko palepale.

Nikiwa bado mke kijana, serikali iliuza kiwanda alichofanyia kazi jirani yetu Baba Naomi, naye akapunguzwa kazi. Mimi ndiye niliyepanga nyumba ambamo jumuiya yetu ya kanisani ingesali kila Alhamisi. Yao nikairuka, nikijua hawana sukari ya chai. Nilidhani ni huruma.

Mkewe akanikuta bombani. "Kiwanda kimetupunguza," akasema. "Na Mungu naye ametupunguza?"

Alhamisi iliyofuata tulisali kwao. Alitupa maji ya moto matupu, tukanywa. Tulipoanza wimbo, mumewe, aliyejifungia ndani kwa miezi, akaitikia besi kutoka chumbani. Mama Naomi akashindwa kuendelea kuimba.

Baba Naomi kazi hakupata tena. Tulimzika kabla ya mavuno.

Nguvu za Mungu nilizozisikia kwa masikio yangu ni sauti ile. Na nusura niizuie kwa sababu ya sukari.

Bibi yako