Jina Yangu Kwenye Ukuta

Kisangani, siku ya ine ya juma, mangaribi

Bon, nimefanya. Na sasa naogopa.

Asubuyi mutu wa commune, ofisi ya mutaa wetu, alipita na megafoni: maduka ndogo haitalipa tena kodi ya jina yenye kuandikwa inje. Hakuna mwenye alifurahi. Juu ya kodi ile, sisi wote wa barabara hii tulifunika majina yetu na chokaa tangu zamani. Tuliogopa ni mutego.

Tonton Asumani, fundi wa viatu wa pembeni yangu, akasema: "Anza weye, mama. Wakikuacha, na sisi tutafuata."

Eti mimi! Yeye mwanaume muzima, na ndevu zake.

Kwa hasira nikakamata brosi, nikasugua chokaa ya ukuta mpaka jina ikaonekana yote: COUTURE MAMA SALIMA. Mama mwenye ananiuzishaka pondu, majani ya muhogo, kila siku akasimama: "Kumbe unashonaka? Nguo ya ndoa ya mutoto wangu nilipeleka mbali, kule Kabondo!"

Nilicheka, lakini iliniuma. Nilikuwa najificha serikali, kumbe nimejificha mpaka wateja.

Kisha, wakati nafunga mulango, pikipiki ikapunguza mwendo. Ajenti wa kodi, ule ule mwenye alikuwa anatulipisha zamani. Akasoma jina yangu polepole, mpaka mwisho. Akaenda.

Tonton hajagusa ukuta wake.

Na mimi, nimekoroga chokaa mupya, akirudi nifunike jina. Ndoo iko nyuma ya mulango, brosi iko ndani yake.