Twiga wa Hirosaki

Barking, London
11 Mei

Dada yangu mpendwa Elinaja,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto, na kwamba magoti ya Baba yamepata nafuu. Mimi sijambo, kazi ya kutunza wazee inaendelea, na baridi imeanza kutuachia.

Uliniuliza habari za Japani, nami kwenye simu nikakujibu kwa mkato. Sasa nakueleza. Mimi na Allan tulikwenda Hirosaki, mji wa kale wenye ngome na mitaa walikoishi askari wa enzi hizo. Miti ya micheri ilikuwa imechanua kila upande, na petali zilizoanguka zilifunika maji yote yanayozunguka ngome, ungedhani ni zulia la rangi ya waridi. Allan hakuyaona hayo. Macho yake yalikuwa kwenye simu, kwa sababu mchumba wangu alikuwa anachora twiga.

Usicheke. Unawasha GPS, unatembea, simu inachora mstari kila unapopita, na ukipanga njia vizuri unapata picha juu ya ramani. Watu wazima wanafanya hivyo. Bwana mhandisi alivuka nusu ya dunia ili achore kwa miguu mnyama ambaye kwao Arusha angemwona bila kupanda ndege.

Nilipotaka tusogee karibu na maji, aliniambia nitaharibu shingo ya twiga. Mama mmoja alitukaribisha chai uani kwake. Allan akakataa, eti tukikaa pale mstari utavimba.

Karibu na geti la hekalu niliteleza, kifundo cha mguu kikateguka. Nikamwambia siwezi kusimama. Alitazama mguu wangu, akatazama simu, kisha akasema, "Gaude, nivumilie kidogo. Nimebakiza miguu ya nyuma tu." Akaondoka. Mzee mwenye duka la biskuti, ambaye hatukuelewana hata neno moja, ndiye aliyeniletea kiti na barafu. Nikakaa nikiangalia maua hadi Allan aliporudi anatabasamu, akaninyooshea simu kabla ya kuniuliza naendeleaje. Huyo twiga alifanana na mbuzi aliyeegemezewa ngazi.

Tuliporudi alimtundika sebuleni kwake, ndani ya fremu. Wiki iliyopita akaja na wazo kwamba tumchapishe kwenye kadi za harusi.

Dada, harusi haipo. Nilivua pete palepale nikamwambia siolewi na mtu aliyeniacha chini akamfuata twiga. Akaniuliza, kwa upole kabisa, kama bado nina hasira za ule mguu. Hapo nikajua sijakosea. Nililia baadaye, sikufichi, lakini nilimlilia mama yake, aliyekuwa akiniita mwanangu.

Naomba umwambie Baba taratibu, akishakula. Shangazi kama ameshashona sare, avae kanisani; rangi ile inampendeza.

Wasalimie wote hapo nyumbani, wadogo kwa wakubwa. Wakitaka kunipigia kunisihi, Jumapili nipo, nitawasikiliza wote. Jibu ni hilohilo.

Mdogo wako akupendaye,
Gaudensia