Bibi ya Pili ya Tshilumba

Rabia, natoka kwa tantine Mado, shangazi yangu, sasa hii!!

1975, Mado alikuwa bibi ya pili ya Tshilumba, mutu wa kazi ya mukuba, ile shaba ya mugodi. Mulevi kabisa. Ni Mado njo alimuvutaka kanisani kila dimanche, siku ya Mungu, mupaka akatubu. Ni MADO!!

Pasta anamwambia Tshilumba: "Ubatizo iko ya mutu wa bibi moja."

Asubuhi Tshilumba akafunga kitanda ya Mado ku velo, baiskeli yake, akamupeleka akae kule Naviundu, inje ya muji. Anasukuma, anaimba wimbo ya kanisa. ANAIMBA, Rabia.

Siku ya ubatizo Mado akaenda. Akakaa nyuma, peke yake, akapiga makofi.

Namuuliza: "Tantine, makofi??"

"Mwanangu, alikuwa anaacha zambi. Na zambi yenyewe njo ilikuwa miye."