Kura Niliyoipiga Mbele ya Watu

Vesely, Dakota Kusini
Jumapili, baada ya ibada

Kaka yangu mpendwa Emmett,

Salamu nyingi zikufikie huko Arizona, wewe na wifi Coralee. Natumaini lile goti lililofanyiwa upasuaji limeanza kuzikubali ngazi. Sisi huku hatujambo. Theluji ni nzito, ng'ombe wameanza kuzaa, na shemeji yako Duane anakohoa lakini habari za daktari hataki kuzisikia.

Nimekaa kukuandikia kwa sababu habari za shule yetu zitakufikia tu, na sitaki uzipate kwa mdomo wa mwingine.

Unajua mimi ni mmoja wa wajumbe watano wa bodi ya shule. Majuzi mwenyekiti wetu, Gaylord Pesek, aliniita kwake tunywe kahawa. Nilipofika nikakuta wenzangu wote mezani, wanakula keki za mkewe, na jambo wameshalimaliza: madarasa ya sekondari yafungwe, vijana wapelekwe Harlan Fork, kwa wale wale tuliozomeana nao kila mechi tangu utoto. Gaylord akaniambia, "Lorna, wewe itikia tu. Tukilipeleka hadharani watatutafuna wazima." Nikamjibu kwamba bodi haikai jikoni kwake, nikachukua koti nikatoka.

Kesho yake nilipiga simu mjini Pierre, kwenye chama cha bodi za shule za jimbo zima. Miaka yote nilidhani kazi yao ni kutuandalia mkutano wa mwaka wenye chakula kizuri. Alipokea mama mmoja, Twyla Redfern. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniunganisha na mwanasheria wao, naye akasema bila kuzunguka kwamba wajumbe wengi wakikaa kuamua mambo ya shule, hicho ni kikao, na kikao hutangazwa na mlango wake huachwa wazi.

Twyla akaja mwenyewe, barabara zote zikiwa barafu. Gaylord alimpokea kwa kejeli: "Haya, mama wa Pierre, umekuja kutuendeshea shule?" Akamjibu kwa upole kwamba shule ni yetu, yeye kaulizwa swali na mjumbe, na mjumbe yeyote akiuliza hujibiwa, hata Gaylord. Kisha akatukalisha jioni nzima. Akatueleza kazi ya bodi ni ipi na ya msimamizi wa shule ni ipi, na jinsi ya kuwasikiliza wazazi bila kikao kugeuka ugomvi. Akatusimulia habari za bodi nyingine, zilizounganisha shule na zilizokataa, na yaliyowapata wote.

Alipotoka nilimfuata hadi kwenye gari nikamwomba awaambie wenzangu wasifunge. Akasema, "Dada Lorna, mimi sina kura hapa. Ningekuwa nayo, chama kingekuwa bwana wenu, si msaidizi wenu." Niliudhika, Emmett. Nilitaka askari, nikaletewa mwalimu.

Kikao kikatangazwa, nami nikawahimiza watu waje kuiokoa sekondari. Kilifanyika kwenye ukumbi wa mpira wa kikapu, watu wamejaa hadi milangoni. Wazee walisimama mmoja mmoja kuitetea sekondari, nami moyoni nikawapigia makofi. Kisha akasimama Jolene, binti wa jirani yetu Milo Cizek. Alisema mwanawe anapenda hesabu, na tangu mwalimu wa hesabu aondoke anasoma peke yake mbele ya kompyuta, akikwama hana wa kumuuliza. "Nyinyi mnalilia mnachokikumbuka," akasema. "Mimi namlilia mtoto ninayemwona." Hakuna aliyepiga makofi. Hakuna aliyemzomea pia.

Ikaja kura ya kufunga, kila mjumbe kwa jina. Gaylord, aliyeyapika yote jikoni kwake, aliutazama umati akasema hapana. Wa pembeni yake akamfuata. Wawili wakasema ndiyo. Nikabaki mimi.

Kaka, nilisema ndiyo. Sekondari ya Vesely, ambayo baba alizifagia korido zake hadi mgongo ukapinda, inafungwa kwa kura yangu, mimi niliyewaita watu waje kuiokoa. Twyla alikuwa amekaa safu ya nyuma na hakunipa hata ishara ya jicho. Sasa namshukuru kwa hilo.

Tangu siku ile watu wananipita dukani kama rafu. Hata Milo aliniambia, "Laiti baba yako angekuona." Nikamwambia angeniona, na kabla ya kunihukumu angeniuliza kwa nini. Sijiuzulu. Gaylord ndiye aliyeacha uenyekiti, na wenzangu wamenipa mimi. Jumanne naenda Harlan Fork kudai basi zuri kwa watoto wetu na sauti yetu katika bodi yao. Twyla atakaa nasi, bodi zote mbili, bado bila kura.

Ukikasirika, nikasirikie kwa simu nisikie sauti yako. Lakini mwezi Mei njoo. Darasa la mwisho linahitimu, na anayewakabidhi vyeti ni mwenyekiti wa bodi. Nitasimama mbele ya watu wale wale. Ningependa uso mmoja wa kwetu uwepo pale, hata kama umenuna.

Mbusu Coralee kwa niaba yangu, na Mungu awalinde.

Ni mimi, mdogo wako asiyebadilika,
Lorna