Siagi kwenye Viti vya Motokaa

Nkwenda, Juni 1954

Mke wangu Kobusingye,

Nakusalimu sana, na wazazi wako hapo Rugu uwafikishie shikamoo yangu. Huku tu wazima, na migomba imezaa vizuri.

Ile motokaa kuukuu niliyoinunua kwa Mzungu wa machimbo bado inadeka kuliko mtoto. Viti vyake vya ngozi vilianza kupasuka, nikavipaka siagi kama tunavyopaka ngozi za kulalia. Kulipokucha siafu walikuwa wamejaa hadi kwenye usukani! Saleh wa dukani alicheka mpaka akakaa chini, ndipo akanipa dawa yenyewe ya kupaka viti vya ngozi.

Tangu hapo imebeba maharusi watatu. Baba wa yule wa Kamuli alinipa mtamba mwekundu.

Najua motokaa haikukuudhi. Uliondoka kwa sababu nilimuuza ng'ombe wako ili niinunue, wala sikukuuliza.

Jumatatu naanza safari na pombe ya ndizi, rubisi ya kuomba radhi, kama desturi inavyotaka. Motokaa itabaki nyumbani. Nitakuja kwa miguu nikimswaga mtamba wako. Jina sijampa. Safari hii nauliza kwanza.

Mumeo,
Nuwagaba